Kopo Langu la Mafuta na Safu ya Kushoto

Wanangu, katika miaka yangu thelathini na kitu ya uhudumu wa wodi nimefanya kazi na wavivu wengi, lakini ninayemshukuru mpaka leo ni mmoja tu, naye anaitwa Katana. Nikimkumbuka nacheka peke yangu, majirani hapa Mtongwe wakadhani akili imeanza kuniruka. Ngojeni niwaeleze, na leo msinikatize.

Maana kila mwaka mnakuja. Mmoja kapata nafasi chuo cha wauguzi, mwingine kaajiriwa kufanya usafi hospitalini, na wote mnataka Mama Kadzo awape siri ya kazi. Mnataka niwasimulie nilivyokuwa hodari. Uhodari mtafundishwa huko chuoni. Mimi nitawapa aibu yangu, kwa sababu hiyo hamtaikuta kwenye vitabu.

Hospitali yenyewe siitaji. Ilikuwa ng'ambo hii ya feri, hiyo yatosha. Wodi yetu ilikuwa ya mifupa, ya wanaume: vitanda vinane kushoto, vinane kulia, na katikati njia ya kupitisha kigari cha dawa. Wagonjwa walikuwa waendesha bodaboda, makuli wa bandarini, mafundi walioporomoka na jukwaa la ujenzi. Mtu wa mfupa si kama mtu wa malaria, huyu anakaa. Wiki sita, wiki kumi, mguu umening'inizwa kwa kamba na mfuko wa mchanga, au umeshikwa na vyuma vilivyotoboa ngozi vikaingia mpaka mfupani. Hageuki huku wala kule. Ukizembea, mgongo wake unafanya kidonda ambacho kitamtesa kuliko huo mfupa wenyewe.

Mimi sikuzembea. Nilifunzwa na sista mmoja wa zamani, mkali kama pilipili mbuzi, aliyekuwa akipita asubuhi anafunua shuka na kukagua migongo mmoja mmoja. Akiona wekundu anakuita. "Huyu mgonjwa analala hapa, na wewe jana ulilala wapi?" Siku zile tulisugua migongo kwa spiriti na poda. Siku hizi mnaambiwa msisugue penye wekundu, mgeuze mtu tu kila baada ya saa chache, na ni kweli, mfuateni mwalimu wenu. Lakini wakati ule kusugua ndiko kulikuwa kazi.

Na msidhani wakubwa wale walikuwa na kila jibu. Sista huyohuyo, kwa ukali wake wote, alikuwa na taulo moja karibu na sinki. Moja. Tunanawa sote vizuri, madaktari, wauguzi, wahudumu, halafu sote tunajifuta kwa taulo lilelile, ambalo halikukauka tangu Jumatatu hadi Jumatatu. Sabuni nayo inaogelea kwenye kisahani chake kama samaki. Tukitoka pale tunajiona malaika.

Basi miaka ikaenda. Spiriti ikawa ya kupimwa kwa kijiko, poda ikapotea kabisa. Nikajitungia dawa yangu mwenyewe. Nilichukua mafuta ya nazi ya kutengeneza nyumbani, nikayachanganya na marashi ya mawaridi, haya wanayonyunyiziwa wageni harusini, ndani ya kopo kubwa la plastiki lenye mdomo mpana. Ukilitikisa, dawa inakuwa nyeupe, nzito, mfano wa tui. Na harufu yake, jamani! Wodi nzima ya jasho na mikojo inageuka chumba cha bibi harusi. Wagonjwa wakanipa jina, Mama Marashi. Nami nikavimba kichwa, sitawaficha.

Wala sikuwa mchafu. Hapa ndipo nataka masikio yenu. Nilinawa mikono kati ya kitanda na kitanda, kwa sabuni, mpaka ndani ya kucha, hata wenzangu wakinicheka kwamba nitajichubua. Nanawa, nakung'uta maji, nachota mafuta kwa vidole vinne, nasugua mgongo, nasugua visigino, nashuka na muundi. Nanawa, nachota, kitanda cha pili. Kopo likipungua naongezea juu ya yaliyobaki. Jioni nalitia kikapuni narudi nalo nyumbani, asubuhi tunakuja wote. Halikuwahi kumalizika, wala kuoshwa, mwaka mzima na zaidi. Kosa mmeshaliona? Mimi nilikaa nalo mwaka mzima sikuliona.

Hiyo ilikuwa safu ya kushoto, safu yangu. Ya kulia ilikuwa ya Katana.

Katana ni mtu wa Rabai, mwenye maneno matamu na salamu ndefu. Ukimpa shikamoo ya asubuhi mpaka mmalizane saa ya chai imefika. Lakini kazi, lo. Akiambiwa geuza mgonjwa atamgeuza, kwa shuka, na muuguzi upande wa pili, kisha anarudi kwenye kiti chake karibu na dirisha. Kusugua, hataki hata kusikia. "Dada, mimi niliajiriwa kusukuma vitanda," ananiambia. "Migongo ya wanaume wenzangu sikuandikiwa." Wagonjwa wake wakawa wananiita kutoka upande wa pili, "Mama Marashi, na sisi je? Sisi si watu?" Nikawahurumia. Nikawaahidi kwamba Jumatatu inayofuata ningeanza kuwapitia na wao.

Kabla ya Jumatatu hiyo usaha ukaingia wodini, nikabanwa na wangu, na ile ahadi sikuitimiza.

Ulianza kitanda cha tatu, mahali chuma kilipoingia mguuni. Usaha wa kijani, wenye harufu tamutamu ya kuchefua. Ukaja kitanda cha tano. Kisha cha sita, kwa Kazungu.

Huyu Kazungu alikuwa mgema kutoka upande wa Kisauni, kijana wa miaka thelathini hivi. Aliteleza juu ya mnazi aliokuwa akiukwea tangu utotoni, muundi ukavunjika mpaka mfupa ukachungulia nje. Alikuwa na mdomo, Mungu wangu. Akiniona na kopo anaanza: "Mama, kwangu sugua mara mbili, mimi nimeanguka kutoka juu kuliko hawa." Mkewe, Dama, alikuwa akija kila alasiri, ananiletea chupa ya mafuta ya nazi kwa ajili ya kopo langu. Nyumba yao yote ilisimama juu ya ile minazi. Mgema hafanyi kazi kwa mikono peke yake, anapanda kwa nyayo.

Daktari akapeleka usaha maabara. Jibu lilivyorudi lilikuwa karatasi yenye orodha ya dawa, na mbele ya kila dawa limeandikwa neno lilelile: sugu, sugu, sugu. Mwisho kabisa ikabaki dawa moja inayoweza kukiua kijidudu kile, nayo ni kali, inasumbua figo.

Wakati huo alikuwa ameshaletwa Sista Moraa, muuguzi wa kuzuia maambukizi. Mtu wa bara, kutoka Kisii, mdogo wa umbo, anatembea kama anakimbizwa. Kiswahili chake kilitufurahisha sana, tukamcheka chini kwa chini, Mungu atusamehe. Lakini ndiye aliyenielewesha huu usugu. Nilimuuliza waziwazi, "Sista, dawa ni dawa, inashindwaje na kitu kisichoonekana?" Akaniambia, "Mama, ukimwaga dawa kwa mende, wale dhaifu wanakufa. Lakini kuna mmoja, wawili, hawasikii. Hao ndio wanabaki na kuzaana. Sasa hapa hospitali tunamwaga dawa kila siku. Fikiria ni mende wa aina gani wamebaki." Kisha akaongeza, "Na hizi vijidudu hazina miguu. Zinabebwa."

Alikuwa mtu wa kuona vitu. Siku moja alimkuta daktari mzima amevaa glavu anapangusa kidonda. Simu ya daktari ikalia, akaichomoa mfukoni, akaongea, akairudisha, akaendelea na kidonda. Sista Moraa akamngoja amalize, akamuuliza kwa adabu, "Daktari, hiyo glavu inakinga nani?" Yule daktari alishinda ameinamisha macho siku nzima. Hilo likumbukeni. Glavu inachafuka kama mkono unavyochafuka, tofauti yake ni kwamba mkono mchafu unausikia na glavu huisikii.

Basi Sista Moraa akakisaka kijidudu. Alichukua vipimo kwenye bomba la sinki, magurudumu ya kigari, ndoo, mapazia, vyuma vya vitanda. Vyote vikarudi havina kitu. Kila kilicho mali ya hospitali alikipima, na kopo langu halikuwa mali ya hospitali, lilikuwa kikapuni chini ya meza ya chai.

Kazungu naye alizidi kudidimia. Walimpeleka kusafishwa kidonda, na ile dawa moja akaanza kutundikiwa. Kidogo kinakauka, kisha usaha unarudi. Wakamsafisha mara ya pili, ukarudi. Siku ya Jumanne daktari wa mifupa akasimama mbele ya kitanda akasema hana njia, kijidudu kimeshakaa ndani ya mfupa, na kikiendelea kitaingia kwenye damu. Alhamisi mguu utakatwa. Kazungu akautazama ule mguu, akavuta shuka akaufunika. Mimi nikaingia chooni nikalia.

Jumanne hiyohiyo mchana Sista Moraa akatukusanya. Alikuwa amechora vitanda vyote kumi na sita kwenye karatasi, na vyenye ugonjwa amevitia wino mwekundu. Vilikuwa vimeshafika vitano, na vyote vitano vya kushoto. Kulia, hakuna hata nukta. Akamgeukia Katana. "Huyu mzee anafanya kazi safi," akasema. "Nataka atuonyeshe anafanya nini, wote tufuate."

Mngemwona Katana. Alisimama, akafunga vifungo vya koti, akakohoa kidogo. "Kwanza ni moyo wa kupenda kazi," akaanza. Akatoa hotuba, jamani, usafi hivi, bidii vile, mpaka wauguzi wanaomjua wakawa wanajiuma midomo. Mimi damu ilinichemka. Miaka yote najivunja kiuno, halafu wa kusifiwa ni huyu wa kiti cha dirishani.

"Sista, usidanganywe," nikasema. "Huyu hafanyi kitu. Mgongo wa mtu hajawahi kuugusa tangu azaliwe."

Watu wakaangua kicheko. Katana mwenyewe akacheka. Nami nikaanza kucheka nao, kisha nikaacha, kwa sababu nilikuwa nimejisikia nilichosema.

Safu ya kulia haijasuguliwa. Safu ya kushoto imesuguliwa na mimi, kitanda kwa kitanda, kutoka kopo moja.

Nikaondoka kimyakimya. Nikachukua kikapu, nikaingia chumba tunachomwagia uchafu wa wodi, nikafunga mlango. Nikafungua kopo. Harufu ya mawaridi ilikuwa ileile. Chini palikuwa na majimaji ya mikono yangu ya mwaka mzima, yametulia chini ya mafuta. Naapa, nilitaka kulimwaga. Nilikuwa nimebakisha miezi minane nistaafu, na jina langu lilikuwa safi. Nikimwaga, kijidudu kitapotea chenyewe, Sista Moraa ataandika kwamba chanzo hakikujulikana, na mimi nitaagwa kwa keki na vigelegele kama wenzangu.

Nikiwa pale nimeshika kopo nikamsikia Dama nje ya mlango, anaongea na muuguzi. Anauliza kwa sauti ya chini kabisa, kama anaomba kitu asichostahili, "Sista, huo mguu wakishaukata, mguu wenyewe tunapewa sisi tukauzike, ama unabaki hapa?"

Nikafunga kifuniko. Nilitoka na kopo mkononi mpaka kwa Sista Moraa, nikaliweka juu ya meza yake. "Hili hukulipima," nikamwambia.

Nilimweleza kila kitu, nanawa vipi, nachota vipi, naongezea vipi. Hakunipigia kelele, ingawa ningependelea anipigie. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachota mafuta kidogo na kuyatia kwenye kichupa cha maabara, akachukua karatasi ya kujaza. Penye jina la mwenye kitu akaanza kuandika "kopo la wodi".

"La," nikasema. "Wodi haina kopo. Andika Mama Kadzo."

Akaniangalia, akaandika.

Kisha tukaenda wote kwa daktari wa mifupa. Sista Moraa akamwambia, daktari, huenda si dawa iliyoshindwa. Huenda tunamponya asubuhi na kumwambukiza upya mchana. Daktari alikuwa mgumu, akasema hatari ni kubwa, lakini mwisho akakubali kungoja jibu. Alhamisi asubuhi jibu likaja. Kijidudu cha kwenye kopo na cha kwenye mguu wa Kazungu ni kimoja, na usugu wake kwa dawa ni uleule mstari kwa mstari.

Siku ile Kazungu aliingia chumba cha upasuaji na mguu, akatoka nao. Walimsafisha mara ya tatu, wakabadilisha vyuma, wakaendelea na ile dawa kali huku wakipima figo zake. Wale watano wakatengwa chumba cha pembeni, kila mmoja na vitu vyake peke yake. Mafuta yakapigwa marufuku. Wiki ya tatu kidonda cha Kazungu kilikuwa kikavu, na wenzake wote wanne wakapona.

Kazungu nilimweleza mwenyewe. Sista Moraa alisema hilo si lazima nilifanye mimi, lakini nilimsugua mimi, sasa nani mwingine amwambie? Nilisimama kando ya kitanda, Dama akiwepo, nikasema, "Kazungu mwanangu, ule ugonjwa nilikuletea mimi, kwa kopo langu." Akageuza uso ukutani. Siku alizobakisha wodini hakunisemesha tena, na siku ya kuruhusiwa alipita na magongo yake mbele yangu kama sipo. Iliniuma sana. Sikumlaumu.

Ofisi ikanipa barua ya onyo, ninayo mpaka leo kwenye droo ya kabati. Miezi yangu minane ya mwisho Sista Moraa alinitembeza wodi baada ya wodi, nikiwaonyesha wahudumu makosa yangu kwa vitendo. Kitu cha kila mgonjwa kiwe chake. Chupa ya sabuni ya maji ikipungua isiongezewe juu ya iliyobaki, ioshwe, ikaushwe, ndipo ijazwe. Nanawa kabla, nanawa baada, na nikishanawa natazama mkono huo safi unakwenda kushika nini. Mnapoanza kazi, jiulizeni swali hilo la mwisho kila saa. Mimi nilinawa kuliko watu wote, na mikono yangu safi nikaipeleka moja kwa moja kwenye kopo. Na mkigundua kosa ni lenu, semeni mapema, maana kuna mtu anangojea mseme.

Katana, hata msiniulize. Tangu siku ile alijitangaza bingwa wa kuzuia maambukizi. Ukimwambia inuka ufanye kazi anakujibu, "Dada, mimi nakinga wagonjwa."

Nimeshastaafu, mwaka ukapita na zaidi, siku moja simu ikalia. Ni Dama. "Mama Kadzo, Kazungu anasema uje nyumbani." Hakueleza zaidi. Nikapanda feri, nikavuka, nikashika njia ya Kisauni, njiani nawaza mguu umeharibika tena, wananiita nije nione nilichofanya. Nikapiga hodi, Dama akanipokea, akanizungusha nyuma ya nyumba.

Hapakuwa na mtu. Nikasikia sauti juu. "Shikamoo, Mama Marashi."

Nikainua macho. Yuko kileleni mwa mnazi, na kisu kiunoni, anagema.

Nilimtukana, wanangu. Nilimtukana kwa Kiswahili, kikaisha, nikaendelea kwa lugha ya mama yangu. Nani kakuruhusu, wewe, mguu ule tumeuhangaikia watu wangapi, daktari alisema utembee tu. "Si natembea, Mama," akanijibu kutoka juu. "Ila natembea kwenda juu." Dama amejishika mbavu kwa kicheko. Mimi machozi yananitoka, na kelele bado napiga.

Akashuka. Polepole, unyayo mmoja, wa pili, mpaka akakanyaga mchanga. Mguu umepinda kidogo na makovu ya vyuma yamepangana kwenye muundi, lakini alisimama nao. Nikamnyooshea mkono. Akarudisha wake nyuma, na mimi nikadhani bado hajanisamehe.

"Ngoja kwanza, Mama," akasema.

Akaenda penye mtungi, Dama akamwagia maji. Akachukua sabuni, akasugua viganja, katikati ya vidole, kucha, mpaka viwikoni, bila haraka, huku akinitazama. Akakung'uta maji, hakujifuta kwenye kaptura. Ndipo akaja akanipa mkono.